Maji yamerudi yananuka mtaro: tunywe au tusinywe?

Bibi Afya, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Dar es Salaam kwenye nyumba ya kupanga. Tuko wapangaji wanne na bomba letu ni moja, lile la uani. Mkubwa wangu yuko darasa la kwanza, mdogo ana miezi minane, ananyonya na ameanza uji. Mama mkwe yuko nasi tangu Ramadhani, alikuja kutoka Tanga kutibiwa miguu.

Shida yangu ni maji. Huku kwetu ni ya mgao, hilo tumeshazoea. Ila baada ya mvua hizi kubwa yalikatika karibu wiki nzima, na yaliporudi usiku yalitoka rangi ya chai ya maziwa, harufu ya mtaro kabisa. Kwa vile nyumba nzima haikuwa na tone, tulikinga hivyo hivyo. Mwenye nyumba naye akawasha pampu yake ya kuvuta, akajaza simtanki. Asubuhi maji yakawa meupe. Tangu hapo ukiyatazama ni masafi, lakini yakilala kwenye ndoo, asubuhi unakuta vumbi jeusi chini.

Mume wangu anasema maji yakishang'aa yamepona, tena anasema amekulia maji ya kisima na hakufa. Mama mkwe ana mtungi wake wa udongo, anaweka maji humo yapoe, kila anayepita anachota kwa kikombe alichonacho. Nilinunua vidonge vya kutibu maji, akavikataa. Amesikia ni dawa ya kufunga uzazi, na zaidi ya hapo anasema maji yananuka kama nguo za hospitali. Basi nikaona nichemshe. Shuleni tulifundishwa yachemke dakika kumi na tano. Kwa mtungi mdogo wa gesi, nikichemsha hivyo kila siku haufiki nusu mwezi.

Watoto wa chumba cha jirani wameharisha. Mkubwa wangu naye aliharisha siku mbili, baba yake akamnunulia metronidazole dukani, akapona. Sijui ni maji, sijui ni maembe. Nimepiga simu mamlaka ya maji, nimepewa namba ya taarifa, hajaja mtu.

Je, maji haya tunywe? Nichemshe kwa muda gani? Huyu mdogo nimfanyie nini? Na hawa watu wazima wa nyumba hii nianzie wapi bila kugombana?

Mama Wawili, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Yalivyo, msinywe. Msiyapigie mswaki, msiyaoshee kachumbari wala matunda yanayoliwa na ganda lake, na barafu iliyogandishwa kwa maji hayo msitie kwenye juisi, maana baridi ya friji haiui vijidudu, inavilaza tu. Kuoga, kufua, kudeki na choo, tumieni bila wasiwasi. Mtoto mdogo tu ndiye uangalie asimeze maji ya kuogea.

Mumeo ana hoja moja ya kweli, kwamba yeye hakufa. Waliokufa hawapo kuja kubishana naye. Kung'aa kwa maji kunamwambia kitu kimoja tu, kwamba tope limetulia. Vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu havina rangi wala harufu, na glasi moja inayometa inaweza kuwa navyo vya kutosha kulaza watu wa nyumba nzima. Agosti 2015 kipindupindu kilianza hapa hapa Dar es Salaam, kikasambaa karibu mikoa yote ya Bara, na kabla ya katikati ya mwaka uliofuata wagonjwa walikuwa wamepita 20,000.

Sasa nikueleze uchafu uliingiaje, kwa sababu ukilijua hili utajua pia usiku wa kuogopa ni upi. Bomba likiwa limejaa, maji yanasukuma kwenda nje. Hata kama lina ufa, maji safi yanavuja na uchafu hauwezi kuingia. Mgao ukifika na laini ikabaki tupu, mambo yanageuka: chochote kilicholizunguka bomba kinaingia kwenye ufa ule ule. Na wewe unajua mabomba yetu yamelala wapi. Mipira ya kuunganishia nyumba inapita ndani ya mitaro, chini ya chemba, ubavuni mwa shimo la choo. Mvua kubwa ndiyo majira ya watu kutapisha vyoo, kinyesi kinaachiwa kiende na maji ya mvua mtaroni, juu ya mipira hiyo hiyo. Maji yakirudi, yale ya mwanzo ndiyo yanayobeba vyote vilivyoingia laini ilipokuwa tupu. Nyinyi ndiyo mliyokinga kwanza, kwa kiu.

Halafu kuna pampu ya mwenye nyumba, na hapa nakuomba usome polepole. Pampu inayofungwa moja kwa moja kwenye laini ya mtaa haivuti maji peke yake. Maji yakiwa hafifu inanyonya bomba zima, na kila penye ufa mtaa mzima inavuta maji ya mtaroni. Ndiyo maana mamlaka za maji hukataza pampu za namna hiyo. Mtu akitaka maji yapande mnarani, ayaache yaingie kwanza yenyewe kwenye tenki la chini, halafu pampu ivute kutoka kwenye tenki hilo. Mwenye nyumba wenu alijivutia uchafu kwa umeme wake mwenyewe na kuuhifadhi kwenye simtanki. Lile vumbi jeusi unaloliona asubuhi linaweza kuwa ni la tenki na wala si la bomba. Utalijua ukikinga ndoo moja moja kwa moja kutoka bombani na nyingine kutoka tenkini, zikalala pamoja.

Mara nyingine maji yakirudi baada ya kukatika siku nyingi, mwambie anayeamka usiku afunge kwanza valvu ya kuingizia tenki. Afungue bomba la uani, maji yamwagike mpaka yatakate, na baada ya kutakata ayaache kidogo tena. Hayo ya mwanzo hayapotei, yanafaa choo na kudeki. Ndipo afungue tenki. Dakika hizo chache zingewaokoa na nusu ya shida uliyonayo leo.

Tuje kwenye gesi. Zile dakika kumi na tano ziache. Vijidudu vinavyoharisha watu havingoji maji yachemke ndipo vife. Maji yakipita nyuzi 70 havidumu, na maji yanapofika kutokota vimeshakwisha. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafike tu pale pa kutokota vizuri, mapovu makubwa yakipanda juu bila kukoma. Ukitaka kuwa na uhakika hesabu dakika moja, kisha zima. Anayeishi juu ya mita 2,000, kama sehemu za Makete, aongeze zifike tatu, kwa kuwa kule maji hutokota yakiwa hayajapata moto kama wa kwetu pwani. Dakika kumi na nne zilizobaki ni gesi unayoichoma bure. Funika sufuria wakati wa kuchemsha, na yakishachemka usilifunue mpaka yapoe humo humo. Ladha ile ya maji yaliyolala, watu wanayoilalamikia, huondoka ukiyamimina mara mbili tatu kutoka chombo safi kwenda chombo safi.

Na si maji yote ya nyumba unayohitaji kuchemsha. Gawa maji ya mdomoni na maji ya kazi. Ya mdomoni ni ya kunywa, mswaki, kuoshea mboga mbichi na matunda, na kusuuzia vyombo vya mtoto. Ya ugali, wali, mchuzi na chai yanachemka yenyewe jikoni. Ukipiga hesabu hiyo utaona mzigo wako ni mdogo kuliko ulivyofikiri.

Vidonge. Bado ninavipenda, hasa siku ambayo gesi imekwisha. Vilivyozoeleka madukani, kimoja kinatosha ndoo ya lita 20 ya maji meupe, na maji yakiwa na ukungu huwekwa viwili. Lakini vipo vya saizi tofauti, kwa hiyo soma pakiti kabla hujatumbukiza. Subiri nusu saa ndipo mnywe. Kosa ninaloliona kila siku ni kutia kidonge kwenye maji ya tope. Tope linaila klorini yote, yaani dawa iliyomo kwenye kidonge, vijidudu vinabaki salama, na mama anaamini ametibu. Yaache maji yatuame kwanza, mimina ya juu, yachuje. Kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne inafaa. Kule Matlab, Bangladesh, wanawake walifundishwa kuchujia maji ya madimbwi kwa sari kuukuu zilizokunjwa hivyo, na matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua karibu nusu, kwa kuwa vijidudu vyake hushikamana na viumbe vidogo vidogo vinavyonaswa na kitambaa. Nusu, si yote. Kuchuja ni kuandaa maji yatibiwe, na shabu na mbegu za mlonge ni vivyo hivyo: zinashusha tope na kukuachia maji ya kupendeza, ambayo bado lazima yachemshwe au yatiwe dawa.

Dawa ya madoa ya kufulia usiigeuze dawa ya maji kwa kukisia. Nguvu zake hutofautiana chupa kwa chupa, na nyingine zina manukato. Kama hakuna gesi wala vidonge, tumia jua. Chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita mbili, jaza maji yaliyochujwa yakawa meupe kweli kweli, zilaze juu ya bati saa sita za jua kali. Siku za mawingu ziache siku mbili. Msimu wa mvua njia hii inachosha, lakini haina gharama.

Mama mkwe umwambie hivi, kwa adabu. Hicho kidonge ni klorini, na ndiyo ile ile inayotiwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kabla maji hayajaanza safari ya kuja mjini. Dar es Salaam imeyanywa maji hayo miaka na miaka, na wodi za wazazi bado zimejaa. Harufu ile kidogo anayoichukia ni habari njema, kwamba dawa bado imo inafanya kazi. Maji yakilala kwenye chombo kilichofunikwa hupungua harufu. Wala usilishupalie sana suala la vidonge. Kama ameyakubali ya kuchemsha, umeshapata ulichotaka.

Ila mtungi ule, mwanangu, ndiyo unaonitia wasiwasi kuliko bomba. Unaweza kuchemsha lita 20 kwa usahihi wote, ukamimina mtungini, na mtoto mmoja aliyetoka chooni akachovya kikombe na vidole vinne ndani. Kazi yako yote imekwisha hapo. Maji yaliyochemshwa hayana dawa ya kuyalinda, yakichafuliwa tena yamechafuka. Usimnyang'anye mama wa watu mtungi wake. Umfanye mwenye mtungi. Mwambie: "Mama, hapa nyumbani maji ya kunywa nakukabidhi wewe, mtu asichote ila wewe umpe." Mpe kata moja ya mpini mrefu, itundikwe ukutani isilale sakafuni, na sahani ya kufunikia. Nimeona nyumba ambazo mkwe aliyekuwa anapinga ndiye aliyekuja kuwa mkali kupita bwana afya. Na usiku mzee asipokuwepo, dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki inatosha. Watu wamimine, wasichovye.

Kuhusu mdogo. Ziwa lako endelea nalo hata akiharisha, hasa akiharisha. Uji wake uchemke hasa, umpe siku hiyo hiyo, usilaze kiporo. Maji ya kunywa ya mtoto wa umri huu ningependa yawe ya kuchemsha kuliko ya kidonge, kwa kuwa kuna vimelea vya kuhara ambavyo klorini haiviwezi na moto unaviweza. Chupa za chuchu, kama unazo, ningekushauri uziache utumie kikombe na kijiko, maana zile pembe zake za ndani hazisafishiki. Wanaotumia maziwa ya kopo wayakoroge kwa maji yaliyochemka na yasiyopoa chini ya nyuzi 70, yaani ndani ya nusu saa tangu kuchemka, kisha wayapoze ndipo wampe mtoto. Unga wenyewe wa maziwa huwa na vijidudu vyake.

Akiharisha yeyote, mchanganyiko wa chumvi na sukari ndio wa kwanza, metronidazole si ya kumpa kila tumbo linaloguruma. Mkubwa wako inawezekana angepona siku zile zile bila vidonge vile. Nunua pakiti za ORS, soma kama ni ya lita moja au nusu lita. Zisipokuwepo, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Chumvi isizidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano ulizia pia zinki kituo cha afya, hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Lakini ukiona choo kinatoka chepesi cheupe kama maji ya kuoshea mchele, au mtoto macho yamezama, analia bila machozi, hakojoi, analegea, au kuna damu kwenye choo, usikae kumsubiri baba yake arudi kutoka kazini. Mchukue, na ORS mnywesheni njiani. Kipindupindu kinaweza kumaliza mtu mzima kwa saa chache.

Umeuliza ni maji au ni maembe. Kwa nyumba moja huwezi kujua, na embe lenyewe lilioshwa kwa maji gani? Vyumba viwili vinavyokinga bomba moja vikiharisha wiki moja, mimi ningetenda kama vile ni maji.

Kuna maji ambayo kuchemsha hakuyasaidii. Yakinuka petroli au dizeli, usichemshe, usioshee hata vyombo, tafuta maji kwingine. Mafuta hupenya mipira ya plastiki. Chumvi ya visima vya pwani haitoki kwa moto, wala nitrati ya visima vilivyochimbwa karibu na vyoo, ambayo ni mbaya kwa wachanga wa chini ya miezi sita. Wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro na Singida mnaijua floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Hiyo nayo ukichemsha inazidi, kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Ukinunua maji ya boza au ya guta, muulize muuzaji ameyachota wapi na, akujibu vyovyote, yatibu. Kwa upande mwingine, maji yanayotoka meupe kama yametiwa unga, kisha yakatakata kuanzia chini ya glasi kwenda juu, hayo ni hewa tu. Usiyaogope kwa rangi hiyo.

Mwisho ni tenki na mwenye nyumba. Usiende peke yako, wala usianze na pampu. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, omba afisa afya wa kata afike na kifaa chake cha kupimia klorini. Ni kichupa na kidonge, maji yakigeuka pinki kuna dawa iliyobaki, yakibaki meupe hakuna. Apime bombani na apime tenkini mbele ya wapangaji wote. Bombani pakiwa pinki na tenkini pakiwa peupe, mwenye nyumba hana la kubisha. Kote kukiwa peupe, mna kitu cha kuambatanisha na ile namba yako ya taarifa, na mwenyekiti wa mtaa apige simu yeye. Afisa huyo huyo atawaambia kiasi cha klorini cha kuoshea tenki. Lifunguliwe, limwagwe, lisuguliwe kwa brashi na sabuni, lisuuzwe, lijazwe maji ya klorini na mabomba yote yafunguliwe mpaka yanuke, yalale humo usiku kucha, kisha yamwagwe. Mtoto asiingizwe ndani ya tenki, na mtu mzima akiingia lazima mwingine awe nje anaongea naye.

Changieni wapangaji wote gharama ya fundi, hata kama ni wajibu wa mwenye nyumba, mkubaliane akate kwenye kodi. Akishaona mmetoa, la pampu kuhamishiwa tenki la chini atalisikiliza. Na siku ya kuosha ichagueni kwa ratiba ya mgao, la sivyo mtabaki na tenki safi lisilo na maji.